Alama Iliyogeuka Ikweta

Bugolobi, Kampala
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako limepoa, au bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka. Ningepiga simu, lakini ungelia kabla sijamaliza.

Unamkumbuka Mzee Juma, dereva wetu Mnubi wa Old Kampala, aliyenipa chumba uani kwake nilipofika huku? Tangu Jumanne yuko mahabusu. Alipeleka dawa Masaka, zikafika pungufu. Meneja akafungua ramani ya kampuni inayofuata magari kwa satelaiti: gari lilifika ikweta, likageuka ghafla kurudi kaskazini, likaingia pori la Gomba pasipo na barabara.

"Aliuzia huko," akasema.

Nikamwambia huenda ramani imekosea. Akacheka. "Ssebo, satelaiti iko na ndugu hapa Kampala? Itamsingizia ya nini? Wewe unamtetea kwa sababu unakula futari kwake."

Mama, programu inayochora ramani hiyo hatukuiandika yote. Kama wewe unavyonunua zipu iliyo tayari, sisi huchukua sehemu zilizokwisha kuandikwa na wengine, tunaziita maktaba. Moja ndiyo inayosoma habari za satelaiti na kusema gari liko wapi. Nilipoipekua nikaona inasoma umbali kutoka ikweta, lakini inairuka herufi inayoonyesha kama ni kaskazini au kusini. Kwake kila mahali ni kaskazini. Nasi tuliijaribu Kalerwe na hapa ofisini Bugolobi tu, ambako ni kaskazini kweli, tukaridhika.

Ijumaa nilikwenda ikweta na kifaa kimoja kama kile kilichofungwa kwenye gari lake. Watalii wakipiga picha, mimi nikavuka ule mstari kwa miguu nikielekea Masaka. Kwenye simu, alama yangu ikageuka, ikarudi nilikotoka.

Nikampigia meneja papo hapo. Akasema, "Rekebisha kimya kimya. Wateja wakisikia, tumefunga."

"Na Mzee Juma?"

"Polisi watachoka, watamwachia."

Jioni mkewe, Mama Rehema, aliniwekea chakula kama kawaida. "Hiyo satelaiti yenu ilimwona mume wangu porini," akasema. "Sasa yuko selo, mbona haimwoni?"

Kesho asubuhi nakipeleka kifaa polisi, niandikishe maelezo. Dawa ziliko sijui. Najua tu hakuingia porini. Kibali changu cha kazi kiko mikononi mwa kampuni, kwa hiyo usishtuke ukiniona mlangoni na sanduku. Nafula usimwambie bado, maana mdogo wangu huyo anaitegemea kazi hii kwa chuo chake cha uuguzi.

Nimewaza sana juu yako. Zipu ikikatika, mteja hurudi kwako, na sijawahi kukusikia ukimtuma kiwandani. Huwa unaifumua, unashona nyingine.

Nisalimie baba mdogo wa kinu cha kusaga, na shangazi anayekukandia goti. Mchungaji naye mwambie Jumapili amwombee Mzee Juma, na amtaje kwa jina, hata kama ni Mwislamu.

Mwanao,
Barasa