Konstantino wa Jipsamu

Jumanne, 11 Machi 2008
Tao limekamilika! Mbele ya ofisi ya kuuzia maghorofa, hapa Jebel Ali, Dubai. Tao la Kaisari Konstantino, kama lile la Roma — ila letu ni jipsamu na rangi. Sir, meneja wa mauzo, katugawia sisi walinzi karatasi tuikariri, mteja akiuliza. Nimeisoma na Chacha, mwenzangu wa zamu. Kumbe hata la Roma, wajenzi walichukua sanamu za makaisari waliotangulia wakazibandika humo! Chacha akacheka: wajenzi kama hao, Dubai wangepata kazi siku hiyohiyo.

Ijumaa, 14 Machi
Misa, kanisa la mtaa wa Oud Metha. Huku Jumapili yetu ni Ijumaa. Katekista anasema Konstantino ndiye aliyeamuru Jumapili watu wapumzike. Niliguna hadi mama wa mbele akageuka.
Chacha atabatizwa Jumapili ya Pasaka, saa nne asubuhi. Mwaka juzi alikosa kwa zamu, mwaka jana zamu. Safari hii kashanunua shati jeupe.

Jumatatu, 17 Machi
Uzinduzi wa tao — Jumapili ya Pasaka, saa nne! Chacha kaomba ofu, apumzike siku hiyo. Sir kakataa: Konstantino si wenu Wakristo? Mtashinda naye siku nzima, mnataka nini tena? Akajichekea mwenyewe. Tena Chacha ndiye atakayevaa kama askari wa Kirumi. Sketi, ngao, kofia ya chuma yenye brashi nyekundu. Mkurya mzima!
Jioni akasema, basi dada Redempta, nitangoja. Konstantino mwenyewe alibatizwa akiwa kitandani, anakufa.
Nikamwambia: yeye alikuwa na askofu pembeni. Wewe una kitanda cha juu bwenini na soksi za watu.
Hakucheka. Nikajuta.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeijaribu ile kofia. Inafunika uso mpaka kidevuni. Urefu tunalingana. Nikamwambia nenda, nitasimama mimi — kesho ni ofu yangu, nani atanitafuta?
Chacha: wakigundua, viza zetu zinafutwa. Wote wawili.
Najua. Lakini mtu asubiri Pasaka ngapi?

Jumapili, 23 Machi
Nipo nyuma ya tao. Huku mbao tupu na nyaya, utukufu wote uko mbele. Chacha kaondoka alfajiri, shati kwenye mfuko wa nailoni.
Sir kapita mara mbili. Chacha, simama wima! Nikasimama wima.
Saa nne na robo. Wageni wanakula tende. Meseji ya Chacha: wabatizwa tuko kumi na saba, mimi wa mwisho.
Sasa sir anaita. Mpiga picha anataka askari avue kofia, atabasamu na wateja. Chacha! Yalla, haraka!
Sijatoka nyuma ya tao. Anadhani sijasikia.
Meseji nyingine: wamefika wa tisa.
Anakuja mwenyewe. Bado wanane —