Seva ya Timbwani na Macho ya Baba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepungua kuuma? Mimi ni mzima, ila kuchoka nimechoka hoi.

Najua mmeninunia kwa kutofika Alhamisi, Baba alipofunguliwa macho baada ya upasuaji. Alikuwa amesema uso wa kwanza anaotaka kuuona ni wangu. Haki ya kununa mnayo.

Ruhusa nilikuwa nayo, Mama, na begi limefungwa. Jumatatu zahanati moja ya Timbwani, kule Likoni, ikakatika mawasiliano na ofisi yetu hapa Changamwe. Seva yao, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ikawa haitupokei. Bosi akasema, "Ikishika tu, Ezra, nenda nyumbani."

Siku tatu nikahangaika nayo. Nikiita anwani yake ya mtandao, naitikiwa. Nikiomba kumbukumbu, nakataliwa. Nikabadilisha nenosiri, nikalegeza ulinzi, wapi! Kila asubuhi nilimpigia Mzee Shee, mshika funguo wa zahanati: "Mashine imewaka?" "Imewaka." Nakata simu.

Alhamisi nikavuka kwa feri niione mwenyewe. Kumbe Jumapili waliihamishia chumba cha nyuma, ikapata anwani mpya, na ile ya zamani ikachukuliwa na printa. Siku tatu nzima, Mama, mwanao msomi alikuwa akiibembeleza printa.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Waniamkua lini, mwanangu? Wanipigia kama askari: imewaka, haikuwaka? Ungeniuliza habari za hapa, wallahi ningekwambia tumehama."

Wewe ulinilea na salamu, huku mjini nikajifanya mtu wa haraka. Kuirekebisha anwani hakukuchukua dakika tano. Nilipotazama simu nikaukuta ujumbe wa dada Rhoda kwamba bandeji za Baba zimeshatoka, nikakaa pale pale nikalia, na Mzee Shee akaniletea kahawa bila kuniuliza kitu.

Ruhusa sasa imesogezwa hadi mwezi ujao, maana zahanati nyingine nazo zimekwama.

Msalimie dada Rhoda aliyemshika Baba mkono njia nzima, na shangazi aliyebaki na ng'ombe. Mchungaji naye mwambie asante kwa maombi.

Rhoda ananiambia Baba alipofunguliwa, macho yake yaliwapita nyote, akatazama mlangoni. Usinifiche, Mama: aliutazama ule mlango kwa muda gani?

Mwanao akupendaye,
Ezra