Pikipiki Nilizouza Kabla ya Kuondoka

Coronel Oviedo, Paraguay
9 Agosti

Kaka yangu mpendwa Derlis,

Habari za Buenos Aires? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Na wifi Graciela hajambo? Sisi huku tunajikongoja, Mungu anatusaidia. Mama anakula vizuri siku hizi. Jana alimaliza mkate mzima wa chipa akaomba mwingine, nikamnyima kwa sababu ya chumvi, akaninunia hadi jioni.

Uliniuliza kwenye simu mambo ya kazi yaliishaje, nikakukwepa kwa kuwa Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Sasa nakueleza.

Unajua niliacha kazi dukani kwa Bwana Wilfrido, madaktari waliposema Mama lazima apelekwe Asunción kusafishwa damu. Niliaga kwa heshima, nikatumikia notisi yote, funguo nikazikabidhi mkononi mwake. Mwezi ule wa mwisho niliuza pikipiki za mkopo kuliko mtu yeyote pale.

Nilipofuata malipo yangu ya mwisho, nikapewa kile kimshahara na fedha ya likizo. Kamisheni hamna.

“Nimia, mwanangu,” akasema huku akinywa tereré, ile chai yake ya baridi, kwa mrija, “kamisheni ni ya anayebaki kuwafuatilia wadaiwa.”

“Lakini Bwana, niliowauzia ni mimi!”

“Uliwauzia, ukaondoka. Ng'ombe akihama hadai maziwa zizini.”

Wenzangu wakacheka, kaka. Hata Zunilda, niliyemfundisha kazi mwenyewe, alicheka, ingawa macho aliyainamisha.

Nikaenda kushtaki ofisi ya kazi ya serikali. Afisa, mama mmoja mpole, akaniambia waziwazi kwamba mauzo niliyoyakamilisha nikiwa kazini, kamisheni yake ni haki yangu hata nikiondoka. Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi. Lakini walipomwita Bwana Wilfrido, akajibu kwamba mauzo yale ni ya Zunilda, na Zunilda kakubali. Nikaambiwa nilete shahidi.

Nikamwendea mzee Crescencio, yule muuza maziwa wa njia ya Carayaó. “Nitakuja, binti,” akaniapia. “Si wewe uliyeniuzia? Hata kofia ya pikipiki ulinivalisha wewe!”

Siku ya kusikilizwa akaja kweli, kavaa shati lake la kanisani. Bwana Wilfrido alikuwa ameketi mbele yake. Afisa akauliza nani alimuuzia.

“Mwanamke,” akasema mzee.

“Mwanamke gani?”

Akamtazama Bwana Wilfrido, kisha sakafu. “Pale dukani wanawake ni wengi, bibi. Na macho yangu siku hizi…”

Sikuweza kumchukia. Mkopo wake ulikuwa umechelewa, na wakimnyang'anya pikipiki, maziwa yatamchachia nyumbani. Lakini kaka, nilihisi kama kiti kimeondolewa chini yangu.

Afisa akasema naweza kwenda mahakamani, ila itachukua miaka. Miaka hiyo naitoa wapi, na wiki nzima mimi na Mama tuko njiani? Nikatia saini kwamba sidai tena. Kalamu nilikuwa sina. Bwana Wilfrido akaniazima yake, na nilipomaliza akanyoosha mkono kuidai.

Nakuomba usije huku na hasira zako. Ukimpiga mtu ukafungwa, nitapeleka chakula hospitali na gerezani, na miguu ninayo miwili tu.

Jambo moja ndilo linaninyima raha. Niliporudi siku ile nilimkuta Mama mlangoni. “Haya, wamekulipa?” Uso wake, kaka, ungeuona! Nikajibu, “Wamenilipa, Mama.” Akapiga vigelegele, akaita majirani. Sasa ameamua fedha hiyo iwe nauli yako ya kuja Krismasi. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekutumia, na juzi nimemwambia ndiyo.

Kwa hiyo, ukipiga simu, mwambie umeipokea. Sina la kukushauri zaidi.

Mpe wifi Graciela mkono wangu, na mjomba Eligio mwambie dawa ya magoti aliyotuma imemfaa Mama. Bikira wa Caacupé awafunike kwa joho lake, baridi na wabaya wapite kando.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Nimia