Lami Ilikuwa Imeisha

Keza, Ngara
Julai 12

Mama mpendwa,

Shikamoo mayu. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua zilipokatika mpaka leo. Sijakusahau, jioni vidole vimekakamaa, kalamu haishikiki. Mgongo wako unaendeleaje? Na Secilia wangu, bado anakataa kulala mpaka ashike sikio lako? Mimi mzima, ila kifua kinabana asubuhi. Mdogo wangu Pius akusomee barua hii mkiwa wawili tu. Ningepiga simu, lakini inakaa kwa baba.

Baridi ya huku milimani, mama, huko kwetu Nyabusozi hamjaiona. Ukungu unashuka mpaka barabarani, na sisi vibarua wa lami tunakaa tukisubiri jua likaushe njia. Lami inataka moto kama ugali. Ikimwagwa, sisi wa reki tunaisawazisha mbio mbio ili shindilia, lile gari la gurudumu la chuma, ipite. Ikipoa kabla ya hapo, inakuwa ukoko, inabanduka, na msimamizi wetu Telesfori anatutuma tukaichimbue kwa sururu. Kwa hiyo mzigo ukishashuka hakuna kupumzika, hata kufuta kamasi. Mwenzangu Odeta, Mhangaza wa hapa hapa, ananicheka kwamba Msukuma akitengwa na ng'ombe zake anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Juzi mzigo ndio kwanza umeshuka, nikaona pikipiki inasimama. Kazimili, baba yake Secilia, amekuja na baba yake mdogo, mzee Maduhu, aliyevaa koti na kofia kama mtu wa harusini. Nilipokuwa na mimba hawakuijua njia ya kwetu. Leo wameijua hata ya Keza. Wakawa wanatembea kando yangu, mimi nimeinama na reki, moshi unatupanda usoni. Mzee akasema ng'ombe wako tayari, wanataka kumkomboa mtoto wao, walipe wamchukue awe wa ukoo wao, na baba ameshakubali. Nikauliza, na mimi je? Kazimili akajisogeza nyuma ya mzee. Mzee akasema habari yangu itazungumzwa baadaye, mtoto kwanza. Odeta akadakia kwamba kumbe kwao wanaswaga ndama, mama yake wanamwacha kwenye baridi. Mzee akamuuliza nani amemwita kwenye mambo ya ukoo. Odeta akamjibu kwamba yeye yuko kazini kwake, wao ndio waliokuja bila kuitwa.

Sasa mzee atafika kwako kulalamika kwamba nilimwamkia nimesimama, kama binti asiyefunzwa. Nakujua, utanitetea. Utasema mwanangu alikuwa juu ya lami ya moto, angepigaje magoti?

Usiseme hivyo, mayu. Lami ilikuwa imeisha. Shindilia ilishapita, lori limeondoka, na wao bado wako pale kwenye majani wakiningoja. Niliweka reki chini, nikawafuata. Mzee akajiweka sawa, akangoja. Nikamwambia shikamoo nikiwa wima, nikamwambia Secilia hakombolewi, kwa sababu sikumweka rehani popote. Magoti yenyewe yalitaka kukunjika, ulivyoyazoesha tangu utoto. Niliyakataza. Ningepiga magoti mbele yake siku ile, angekwenda kusema nimekubali.

Baba atakasirika. Mwambie ni mimi niliyekataa, si wewe. Mwambie kwa heshima, lakini umwambie kabla ng'ombe hawajaingia zizini, maana wakishaingia atawapenda. Na mtoto asibaki hapo akingojea wazee wamalize kikao. Hapa nimepata chumba kwa bibi Felisita, mama yake Odeta, na amekubali kukaa na mtoto nikiwa barabarani.

Wasalimie wote wa kanisani, na shangazi umwambie nimepona lile jino. Mungu akulinde, mama yangu.

Mwanao,
Yuster

Ninavyohitaji bado: sweta la Pius lililombana, soksi nzito, majani makavu ya kunde, kadi ya kliniki ya Secilia, blanketi lake, na Secilia mwenyewe, Jumamosi hii, apakatwe na Pius na si mtu mwingine.