Mpira Umerudi Nachingwea, Ukweni Niage Vipi?

Mpendwa mshauri, mimi kwa kawaida ndiye huombwa msaada, siyo kuomba, ulizia Nachingwea kuanzia stendi mpaka sokoni, lakini safari hii nimekwama kama lori kwenye tope la Machi, naomba univute, na jina langu usilitoe, andika tu B., ingawa nikishajieleza watanijua.

Ni fundi pikipiki, shule niliishia darasa la sita kwa hiyo nukta nyingine utaweka mwenyewe, lakini dunia nimeisoma, nimekuwa utingo wa malori miaka saba, nimelala Tunduma, nimekula Lusaka, nimegombana na askari wa mpakani kwa Kiingereza ambacho sote wawili hatukukijua na nikashinda, na sasa ni mwenyekiti wa tawi la Simba mtaani kwetu, wanachama hai thelathini na mmoja na ngoma moja.

Mwaka jana mtu wa kebo alipoleta waya mtaani, wa kwanza kuunganishwa ni mimi, nikang'oa dishi juu ya bati nikampa mke wangu Shadya akawa anaanikia makopa ya muhogo, nikatangaza kijiweni kwamba dishi ni mambo ya kizamani. Mwezi wa nane ligi inaanza, nawasha, nakuta maandishi kwamba chaneli haipo. Kumbe mwenye kebo wetu amegombana na wenye chaneli ya mpira, yeye anasema wale wamezidi, wale wanasema yeye hafuati makubaliano, na sisi wa katikati tunatazama tamthilia za Kituruki. Mabanda umiza yote mawili ya mtaani, tunakolipia kutazama mpira, yako kwenye waya huo huo. Wanachama wakaanza kuniuliza, "Mwenyekiti, lile dishi la makopa halirudi juu?" Nikajiingiza chini ya pikipiki, nikajifanya natafuta spana.

Ruangwa lakini kebo ni ya mtu mwingine, na yeye hakugombana na mtu. Na Ruangwa ndiko ukweni.

Nisikufiche mshauri, miaka sita ya ndoa ukweni nilikuwa nimekwenda mara tatu, mbili misiba. Shadya amelilia jambo hilo mpaka akachoka. Sasa Jumamosi ile nikamwambia, "Nakwenda kuwajulia hali wazee." Akaniangalia kama nimesema nakwenda Maka kwa pikipiki. Nikavaa jezi, juu yake shati jeupe la heshima, vifungo mpaka shingoni, nikaondoka.

Baba mkwe, Mzee Mustafa, alipata kiharusi mwaka juzi, mkono wa kulia haufanyi kazi, ulimi mzito, hospitali walisema afanyishwe mazoezi na azungumzishwe, yeye akakataa yote mawili, akawa anakaa ameelekea ukuta. Ni Yanga wa damu. Mama mkwe, Bi Sabaha, ni mtu wa mila, hakai chumba kimoja na mkwe, anakaa kwenye mkeka ukumbini nyuma ya pazia, chakula anakisukuma kwa chini. Basi nikawasha televisheni, nikakaa ukingoni mwa kiti kama mtahiniwa. Simba tukafungwa. Nimeuma kofia yangu nisitukane mbele ya wakwe, mara nasikia sauti nisiyoijua, nzito, inatoka taratibu: "Mme-shi-kwa, mkwe." Nageuka, mzee anacheka. Upande mmoja tu wa mdomo, lakini anacheka. Nyuma ya pazia bakuli likaanguka, halafu nikasikia mtu analia kwa kujizuia.

Tangu siku hiyo sijakosa mechi. Mzee siku hizi anataka aogeshwe mapema, avalishwe kijani, mkono wa kushoto anapunga kitambaa, na wa kulia vidole viwili vimeanza kufuata. Mama mkwe hata shambani Narung'ombe Jumamosi haendi tena. Kuku anakuja mapumziko, wa moto, sijawahi kumsubiri wala yeye kunisubiri. Ananiuliza kupitia pazia, "Mkwe, wiki ijayo ni saa kumi au saa moja?" namjibu. Siku moja nilichelewa nusu saa, akapiga simu, "Uko wapi, baba yako ameshakaa." Ligi iliposimama wiki mbili sikwenda, nilisema kabureta imegoma, na bahati nzuri hakuna aliyeuliza zaidi. Jezi nikirudi naitupa chini ya kitanda isionekane, Jumamosi nyingine naikuta kwenye begi imefuliwa, inanukia, navaa naondoka. Shadya anawaambia wenzake, "Mume wangu amebadilika," na mimi nasikia nikiwa chini ya pikipiki ya mtu, natamani injini inidondokee.

Sasa msiba. Juzi gari la matangazo limepita: kebo na wenye chaneli wamepatana, mpira umerudi, na Jumamosi ijayo ni Simba na Yanga. Mtaa mzima umelipuka. Makamu wangu, Leonard, ameshaweka kiti changu mbele kabisa bandani na ngoma pembeni. Nisipokuwepo mimi mwenyekiti, siku kama ile, ni uhaini. Nisipokwenda Ruangwa, watajua wote kwamba miezi hii sikuwa nawapenda wao, nilikuwa naupenda waya wao, na Shadya nitamtazamaje, na yule mzee atapunga kitambaa kwa nani? Nimefikiria kusema pikipiki imekufa. Nishauri haraka, nimeacha hata kula, na mimi ni mlaji.

B., Nachingwea

MSHAURI MAKRINA ANAJIBU

Bwana B., umelala Tunduma, umekula Lusaka, lakini ndani ya nyumba yako mwenyewe unatembea kama umefunikwa gunia.

Nianze na jezi. Unaitupa chini ya kitanda, unaikuta imefuliwa. Nani anaifua, malaika? Mkeo aliijua siri yako kabla hata jasho la safari ya kwanza halijakauka. Anakunja jezi, anaitia manukato, anakusindikiza, halafu anawaambia wenzake umebadilika. Hakudanganywa huyo. Ameona kwamba hata kama umefuata mpira, umemkuta baba yake.

Na mama mkwe? Mwanamke anayetoa kuku wa moto dakika ya arobaini na tano, anayeuliza saa kumi au saa moja, unafikiri anaulizia swala? Ulipochelewa siku ya mechi alipiga simu. Ligi iliposimama hukuonekana wiki mbili na hakukutafuta. Kwa sababu ratiba anayo, ndugu yangu! Huenda anaijua kukushinda wewe mwenyekiti. Kabureta ya fundi pikipiki igome wiki mbili, nani angeamini? Wamekuacha na uongo wako kwa sababu uliwafaa na wewe ulikuwa unaufurahia.

Kwa hiyo futa hofu ya kugundulika. Ulishagundulika mwezi wa nane. Lakini usifurahi upesi, maana kuna la kukugombeza. Miaka sita, mara tatu, mbili misiba! Ulisubiri matajiri wawili wagombane ndipo ukaijua njia ya Ruangwa? Ona haya kidogo, halafu endelea kusoma.

Mpaka sasa hakuna anayejua wewe ni mkwe wa aina gani, hata wewe hujui, kwa sababu ulikuwa huna mpira kwingine. Jumamosi ndiyo utajulikana. Kwa mara ya kwanza una banda, una kiti cha mbele, una ngoma, na una mzee wa vidole viwili. Barua yako yote imejaa majigambo, lakini mahali pekee ulipoandika kama mtu mzima ni pale mzee alipocheka. Jibu unalo, ulitaka tu mtu wa kukusukuma. Basi nakusukuma.

Leo hii ukimaliza kunywa chai, mwambie Shadya kwa mdomo wako. Usitunge. Sema, "Nilifuata mpira." Atacheka au atanuna, vyote unastahili. Kisha mwombe Jumamosi mwende pamoja, naye amwone baba yake akipunga kitambaa, maana barua nzima umekwenda wewe tu, na mwenye baba umemwacha nyumbani anafua.

Leonard mkabidhi ngoma mbele ya wanachama, uwaambie ukweli kwamba mwenyekiti anakwenda kupambana na Yanga mmoja huko Ruangwa. Atakayekuita msaliti mwulize yeye kamchekesha mgonjwa gani. Na lile dishi mwachie Shadya, makopa hayajagombana na mtu.

Ukifika ukweni, pazia usiliguse, mila ya mama yako ni yake, wewe ongeza sauti ya televisheni imfikie vizuri. Lakini lile shati jeupe livue. Kaa na jezi yako nyekundu mbele ya mzee, na mkifunga piga kelele, acha kuuma kofia. Alianza kusema kwa sababu alipata wa kumtania, na mtu hamtanii aliyefunga vifungo mpaka shingoni. Vidole vilivyobaki vinahitaji mpinzani.

Na ikitokea mmefungwa, Bwana B., usikimbilie pikipiki. Kaa palepale mpaka mzee amalize kucheka.