Jina la Mjomba Pazi na Baiskeli ya Bwana

Morogoro, Agosti 1912

Kwa mama yangu mpendwa Scholastika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya huko mlimani imepungua makali. Mimi sijambo, ila miguu inauma, nayo ndiyo kazi yake. Msalimu dada Maria na watoto wake. Msalimu pia Mwalimu Gabrieli wa misheni, maana najua ndiye anayekusomea. Mwalimu, nakuomba usome yote kama yalivyo, usimhurumie mama kwa kuruka maneno.

Ujumbe wako umenifika. Umesema siku ya kuondoa tanga la kaka yako, mjomba Pazi, inakaribia, na ukoo umekaa ukakubaliana kwamba mimi ndiye nirithi jina lake, niwe Pazi, nisimamie mashamba na watoto wote wa dada zetu kama alivyosimamia yeye. Unataka jibu upesi kwa sababu mtama wa pombe umeshalowekwa. Nitakujibu humuhumu. Lakini kwanza ujue alikufaje, maana mmeambiwa ni homa.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni tarishi wa Bwana Lindner mwenye machimbo ya ulanga, yale mawe ya kumetameta, na barua zake nazipeleka stesheni kwa baiskeli. Mwaka huu aliletewa kitu kipya kutoka kwao, lile duara la meno linalokaa kwenye pedeli na kuvuta mnyororo. La kawaida ni la mviringo kama sahani. Hili lilikuwa limerefuka kama yai. Bwana alinieleza kwa furaha kwamba mguu wa mtu hauna nguvu sawa mzunguko mzima: ukiwa juu kabisa au chini kabisa umelegea, ukiwa mbele ndipo unasukuma kwelikweli. Yai, alisema, linautwika mguu mzigo pale penye nguvu na kuupunguzia pale pasipo nguvu. Mzungu mwenzake wa reli akamcheka hotelini mbele za watu, akasema yai ni la kukaanga. Bwana alirudi amenuna, akaapa kumfunga mdomo.

Njia ya kujaribu ilikuwa ile ya kutoka stesheni mpaka nyumbani kwake mlimani, ambako hata nyumbu hupumzika katikati. Siku ya kwanza nipande kwa duara la kawaida, siku ya pili kwa yai, naye akae barazani na saa mkononi. Bunduki ikilia huko juu, mimi huku chini naanza. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu. Alisema sisi ni wavivu na wajanja, kwamba naweza kujilegeza siku moja nikamharibia hesabu, kwa hiyo akatafuta kitu cha kunifanya nisukume kwa nguvu zote siku zote mbili.

Hapo ndipo mjomba alipojiponza kwa mdomo wake. Alikuwa mnyapara wa machimboni, na unavyomjua kaka yako, hakuweza kumwona Mzungu anawaza bila kumsaidia. Bwana aliuliza kama nina baba. Mjomba akacheka, akamwambia kwamba kwetu Waluguru baba ni mgeni tu, mwenye mtoto ni mjomba; kwamba mimi ni wake kuanzia utosini hadi unyayoni, na mpwa yuko tayari kufa kuliko kumwona mjomba wake anaumia. Alitaka asifiwe. Bwana akamsifu sana, kisha akaagiza afungwe kwenye nguzo ya baraza.

Siku ya kwanza kipimo kilikuwa muda mfupi kuliko yote niliowahi kuleta barua, na muda wa siku ile ndio ungekuwa kipimo cha siku ya pili. Siku yoyote kati ya hizo, muda ukipita kabla sijafika, kiboko kingeanza mgongoni mwa mjomba na kisingekoma mpaka niingie uani.

Siku ya kwanza nilisukuma hadi nikatapika mlangoni pa Bwana. Mjomba hakuguswa. Kutoka pale nguzoni alinitukana, akasema nimejikokota makusudi na kamba zinamkata.

Siku ya pili nilichelewa. Watu wote wa machimboni wanajua hivyo: yai lilishindwa, yule Mzungu wa reli akacheka tena, na mjomba alichapwa mpaka akazimia. Vidonda vikaoza, homa ikafuata. Kwa hiyo kuhusu homa hamkudanganywa sana.

Sasa keti vizuri, mama. Na wewe Mwalimu, usisite.

Yai halikushindwa. Lilifanya kazi nzuri kuliko alivyosema Bwana mwenyewe. Pale mlima unapokaza, nilipanda kana kwamba kuna mtu ananisukuma kiunoni. Nilifika kona ya mwisho chini ya ua pumzi zikiwa bado zipo, nikajua nimeuwahi muda mno. Nikashuka. Nikailaza baiskeli kwenye majani, nikakaa kando ya kijito, nikanywa maji. Baadaye nikasikia kiboko kimeanza. Nikamsikia mjomba ananiita, kwanza kwa jina langu, halafu kwa matusi, halafu akakuita wewe: “Scholastika, dada yangu!” Nikanawa uso. Nilipoona haiti tena ndipo nikapanda baiskeli, nikaingia uani nikijifanya nahema.

Ningeweza kusema nilikuwa namlipia Alois, mdogo wangu, ambaye mjomba alimtoa aingie shimoni ili yeye apewe unyapara, shimo likamwangukia, nawe ukasema mjomba ana haki. Mngenielewa. Labda hata padri angenielewa. Lakini pale kijitoni sikumkumbuka Alois hata kidogo. Nilikuwa naona raha. Maisha yangu yote mtu yule alisema mimi ni wake, na siku ile moja yeye alikuwa wangu.

Jibu langu ni kwamba nakuja. Mbele ya watu utaniita kaka, kama mila inavyotaka, nami nitaitika. Ukitaka kunikataa, waambie wazee sababu, Mwalimu ni shahidi wako. Lakini jua kwamba tumboni mwako hakuna mwanamume mwingine mtu mzima aliyebaki, na jina likihamia nyumba nyingine mashamba yataondoka nalo.

Limebaki moja. Bwana hajakubali kushindwa. Amelifungua yai, akaligeuza kidogo na kulifunga upya, anasema lilikaa vibaya. Anataka kulijaribu tena kwa miguu mingine, na amesikia kwamba narithi. Jana aliniuliza kama nina mpwa. Sijui nini kilinipata, mama. Nilijivuna. Nikamwambia ninaye, Yakobo wa dada Maria, kijana wa miguu mirefu, na kwamba kwetu mpwa yuko tayari kufa kuliko kumwona mjomba wake anaumia. Bwana akanisifu sana.

Nitarudi naye. Tafadhali mwambie dada Maria amfundishe kunipenda kabla sijafika.

Wape salamu majirani wote, na wanaoniulizia waambie naendelea vizuri. Niombee.

Mimi mwanao, mpaka siku ya tanga,

Kasiani