Redio Iliyosahau Kusema "Kaeni"

Mwaitu, mama yangu,

Natumai mvua imewakumbuka huko Kalamba. Hapa Ikutha jua ni kali mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha choo cha shule. Muthokoi wa hapa, mahindi yao yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ni mtamu, lakini haufikii wako.

Leo nilikaa nyuma ya darasa la tatu kusikiliza somo la hesabu nililorekodi mwenyewe kule Nairobi. Sauti yangu ikatoka kwa redio: "Hamjambo, watoto?" Wote wakasimama wima, "Hatujambo, mwalimu!" Redio ikaendelea na hesabu, nao wakaendelea kusimama. Mwalimu wao aliwatazama tu, maana ni sisi tunaotengeneza masomo ya redio tuliwaagiza walimu wasiingilie redio ikiongea. Kalamu zikabaki kwa madawati mpaka somo likaisha.

Nikamuuliza msichana mmoja, "Mbona hamkukaa?"

"Mwalimu wa redio hajasema tukae."

Mwaitu, hapo nilikukumbuka. Nikiwa darasani kwako ulikuwa unatusalimia, unasema "Kaeni," halafu unangoja benchi zinyamaze ndiyo ushike chaki. Mimi nilidhani unapumzika.

Nikawaambia, "Kaeni." Waliposikia ile sauti, wakaangalia redio, wakaniangalia mimi, wakakaa wakicheka.

Somo nitalirekodi upya. Mungu akutunzie hayo magoti yanayokuuma. Na siku moja ukisikia redio imesema "Kaeni" kisha ikanyamaza kidogo, usidhani betri imeisha. Hapo ni wewe unafundisha.

Binti yako,
Mumbua